Maswali ya Wasomaji: Kithai, kuanzia herufi ya kwanza hadi gazeti

Barua za mwezi huu zinazungumzia lugha moja, Kithai, na waulizaji wengi ni watu wenye shida maalumu: sokoni, kazini, au kwenye gazeti wasiloweza kulisoma. Kabla ya majibu, neno kuhusu namna tulivyoandika maneno. Kwenye vibao vya Thailand utakuta ph, th na kh. Usiisome th kama ya "thamani" wala kh kama ya "kheri", na Phuket haina f ndani yake. Hizo ni p, t na k zinazotamkwa kwa mpumuo. Hapa tumeziandika p', t' na k', kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa Kimvita wanaotenganisha paa la nyumba na p'aa, yule mnyama. Irabu iliyoandikwa mara mbili ni ndefu. "Ue" ni u inayotamkwa huku midomo imetandazwa kama ya anayetabasamu.

Nauza vito, na mzigo ukiwa mzuri safari yangu ni Bangkok na Chanthaburi. Mpaka sasa natumia Kiingereza na kikokotoo. Nikitaka kujifunza Kithai, nianze na maandishi yao au nijifunze kuongea kwanza kwa herufi zetu? Na itanichukua muda gani? (Mfanyabiashara, Arusha)

Chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani kimekiweka Kithai kwenye kundi la lugha ngumu: wiki 44, au saa 1,100 za darasani hivi, mpaka mtu aweze kuifanyia kazi. Kiswahili kwenye orodha hiyo kimepewa wiki 36, saa 900. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyekulia Kiingereza, kwa hiyo ichukue kama kipimo tu. Kwa saa moja kila siku bila kukosa, 1,100 ni miaka mitatu. Ila kuuliza bei, kutaja uzito na kupatana hakuhitaji miaka yote hiyo. Miezi sita ya saa moja kwa siku inatosha, mradi uwe na mwalimu wa kukusahihisha toni.

Maandishi yaanze wiki ya kwanza. Sababu iko kwenye neno utakaloliona kila mahali likiandikwa "khao". Kwa herufi za Kilatini huwezi kujua kama ni wali, -eupe, habari, goti, mlima, yeye au kuingia, kwa kuwa toni na urefu wa irabu vimeachwa nje. Kwa maandishi ya Kithai kila toni inaonekana. Anayekaa na herufi za Kilatini kwa mwaka mzima hulazimika kujifunza upya kila neno alilokwisha kulikariri, na wengi hukata tamaa hapo hapo.

Konsonanti ni 44, mbili kati yake hazitumiki tena. Zimegawanywa katika madaraja matatu: la kati 9, la juu 11, la chini 24. Usizikariri kwa mpangilio wa alfabeti. Wiki ya kwanza chukua saba za daraja la kati, ก จ ด ต บ ป อ, na irabu ndefu tatu, า ี ู. Tayari utasoma maneno kamili: ตา taa (jicho), ดี dii (-zuri), ปี pii (mwaka), ปู puu (kaa wa baharini). Yote yana toni ya kati, kwa hiyo huna kanuni ya kukumbuka. Wiki ya pili ongeza ง น ม ย ร ล ว, nazo pia toni ni ya kati: มา maa (kuja), ยา yaa (dawa), งู ng'uu (nyoka). Wiki ya tatu zije za daraja la juu, ข ถ ผ ฝ ส ห, na hapo toni inabadilika kuwa ya kupanda: ขา k'aa (mguu), สี sii (rangi), หู huu (sikio). Ndipo ufuate ค ช ซ ท พ ฟ, halafu irabu fupi na silabi zinazofungwa kwa konsonanti. Herufi adimu kama ฒ, ฌ na ฬ zisubiri mpaka ukutane nazo ndani ya neno.

Zinazochanganya watu zaidi ni ผ na พ. Angalia kile kiduara inapoanzia herufi: cha ผ kimegeukia ndani, cha พ nje. ฝ na ฟ ni hizo hizo zikiwa na mkia mrefu upande wa kulia. Kwenye mabango ya biashara viduara hivyo mara nyingi huondolewa, น ikawa kama u yetu na ร kama s. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili jizoeze pia maandishi ya mabango.

Jifunze na jina la kila herufi. ก ni "koo kai", k ya kuku. ง ni "ng'oo ng'uu", ng' ya nyoka. Wathai wakikutajia neno herufi kwa herufi hutumia majina hayo, kwa sababu sauti t' peke yake ina herufi sita.

Nimejifunza kwa programu ya simu. Maneno nayajua, lakini Wathai wanaofika hotelini kwetu hawanielewi hata nikisema neno moja tu. Tatizo ni toni? (Mhudumu wa hoteli, Malindi)

Huenda ni toni, lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili tungeanza kutafuta mwishoni mwa neno. Maneno yetu huishia na irabu, na ulimi umezoea hivyo. "Rak" (kupenda) inatoka "raki", "maak" (sana) inatoka "maaki". Mthai anasikia silabi mbili na kutafuta neno lisilokuwepo. Silabi ya Kithai ikifungwa kwa p, t au k, sauti hiyo haiachiliwi. Kwa "rak" ulimi unagota nyuma ya kinywa na kubaki pale pale, pumzi haitoki. Weka kiganja mbele ya mdomo. Ukihisi hewa mwishoni, umeiachia. Kwa p, midomo ibaki imefumbwa hadi neno linalofuata.

Kumbuka pia kwamba s mwishoni mwa silabi husomwa t, na r au l husomwa n. Chakula kinaandikwa อาหาร, kikiwa na r mwishoni, na kinatamkwa "aahaan".

Kosa la pili ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao ya mwisho. Sabuni kwao ni "sabuu", na uzito uko kwenye "buu". (Sabuni yetu tumeipata kwa Waarabu na yao imetoka kwa Wareno, lakini shina ni moja.)

La tatu ni mpumuo, na hapa mtu wa pwani ana bahati. Wewe unayesikia tofauti ya paa na p'aa, na ya kaa la moto na k'aa wa baharini, sauti unazo tayari. Kazi yako ni kuzitumia kila mara. Mtu wa bara azoee kwa kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa p' kitikisike, kwa p kitulie. Ng' mwanzoni mwa neno, inayowatoa jasho Waingereza, kwako ni ile ya ng'ombe: "ng'aan" ni kazi. Usiigeuze tu kuwa ng ya ngoma.

Kuhusu r na l, usihangaike sana. Wathai wenyewe katika mazungumzo ya kawaida huigeuza r kuwa l au kuidondosha, "k'rap" (neno la adabu analomalizia mwanamume) ikawa "k'ap". Kwenye taarifa ya habari na shuleni ndiko r inakosifiwa.

Lugha yangu ya kwanza ni Kihaya. Nimesikia Kithai nacho kina toni. Je, nina nafuu kuliko wenzangu? (Msomaji, Bukoba)

Unayo, na wanaozungumza Kigikuyu, Kiganda au Kilingala wanayo pia: sikio lenu limeshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Tofauti ni kwamba Kithai kinapandisha au kushusha ndani ya silabi moja, na maneno mengi ni silabi moja tu. Toni ni tano. Sikiliza silabi k'aa: kwa toni ya kati คา ni kukwama, ya chini ข่า ni ule mzizi jamii ya tangawizi unaotiwa kwenye supu ya tom k'aa, ya kushuka ค่า ni thamani au gharama, ya juu ค้า ni kufanya biashara, ya kupanda ขา ni mguu.

Toni ya kushuka inaanzia juu na kuporomoka. Wanafunzi wengi huianzia katikati, ikasikika kama ya chini. Ya kupanda iteremshe kwanza, ndipo uipandishe. Ukianza kupanda moja kwa moja itasikika kama ya juu.

Kanuni za kusoma toni zinatisha zikichorwa kwenye jedwali, lakini zinaelezeka kwa maneno machache. Silabi iliyo wazi, yaani inayoishia na irabu ndefu au m, n, ng', y, w, ikiwa haina alama: daraja la kati na la chini ni toni ya kati, daraja la juu ni toni ya kupanda. Ikiwa na alama ya kwanza ( ่ ): daraja la kati na la juu ni toni ya chini, daraja la chini ni ya kushuka. Alama ya pili ( ้ ): daraja la kati na la juu ni ya kushuka, daraja la chini ni ya juu. Alama ya tatu na ya nne hukaa kwenye daraja la kati tu, nazo ni toni ya juu na ya kupanda mtawalia. Silabi iliyofungwa kwa p, t, k au irabu fupi: daraja la kati na la juu ni toni ya chini. Daraja la chini inategemea irabu, fupi ni ya juu (รัก rak), ndefu ni ya kushuka (มาก maak).

Linalowaponza watu ni kudhani alama ni toni. Alama ile ile inasomwa tofauti kwa kila daraja, ndiyo maana madaraja hayakwepeki. Tazama pia herufi ห ikitangulia nyingine: haitamkwi, inaazima tu daraja lake la juu. มา maa ni kuja, ม้า ni farasi, หมา ni mbwa.

Na wewe wa Kiswahili kitupu, chunga maswali. Sisi tunauliza kwa kupandisha sauti mwishoni. Ukifanya hivyo kwa Kithai umeibadilisha toni ya neno la mwisho. Swali la ndiyo au hapana liishie kwa "mai", na maneno mengine yabaki na toni zake.

Ni kweli Wathai wana saa zao kama sisi? (Msomaji, Unguja)

Ni kweli, na jioni zinaoana kabisa. Kuanzia saa moja usiku wanahesabu kwa "t'um": "nueng' t'um" ni saa moja usiku, "soong' t'um" saa mbili, hadi "haa t'um", saa tano. Mtu wa London inabidi akokotoe; wewe tafsiri namba tu. Husemwa kwamba t'um ni mlio wa ngoma iliyopigwa usiku, na "moong'" ni wa upatu uliopigwa mchana.

Usiku wa manane ndipo njia zinapoachana. Ikishapita saa sita ya usiku wanaanza moja upya: "tii nueng'" ni saa saba usiku kwetu, "tii saam" ni saa tisa. Ukiambiwa gari la uwanja wa ndege linakuja "tii sii", ni saa kumi alfajiri. Ukisikia "sii" ukadhani ni saa nne usiku, utasimama nje saa sita nzima.

Asubuhi hesabu ya zamani ilikuwa kama yetu, "saam moong' ch'aao" ikiwa saa tatu, na wazee bado unaweza kuwasikia. Siku hizi wengi hutaja namba ya Kizungu: "kaao moong' ch'aao", yaani tisa, ndiyo saa tatu asubuhi. Ukisikia namba ndogo kuliko sita pamoja na ch'aao, ni hesabu ya zamani. Mchana ni "t'iang'", kisha "baai moong'" ni saa saba, "baai soong' moong'" saa nane. Saa kumi hadi kumi na mbili jioni ni "sii", "haa" na "hok moong' yen". Ratiba za treni na tangazo lolote rasmi hutumia saa 24 na herufi น: 20.00 น. ni saa mbili usiku.

Miaka nayo: toa 543. 2568 ni 2025.

Nanunua nguo kwenye masoko ya Pratunam na Bo Bae, Bangkok. Namba nazijua hadi kumi. Kipi kingine kitanisaidia haraka? (Mama wa duka, Nairobi)

Dada, namba kubwa kwanza. "Rooi" ni mia, "p'an" elfu, "muen" elfu kumi, "saen" laki, "laan" milioni. Laki unayo tayari, kinachokosekana kwetu ni muen. 25,000 ni "soong' muen haa p'an", yaani elfu-kumi mbili na elfu tano. Sokoni wanakata: "p'an haa" ni 1,500, si 1,005, na "saen haa" ni laki na nusu. Moja ikifuata kumi huwa "et": 11 ni "sip et", 21 "yii sip et". 20 ni "yii sip". Kwingine kote kumi na moja-moja zinajengwa zenyewe.

Pili, kila kitu huhesabiwa kwa neno lake, na mpangilio ni kitu, namba, kisha neno la kuhesabia. Nguo na wanyama ni "tua", jozi ya viatu "k'uu", kitabu "lem", gari "k'an", mtu "k'on". Mashati matatu ni "suea saam tua". Sisi tuliozoea ngeli hatushangai vitu kupangwa kwa makundi, ila hapa hakuna upatanisho: kitenzi na kivumishi havibadiliki. Ukisahau neno la kuhesabia, "an" inafaa kwa vitu vidogo visivyo hai, usiitumie kwa mtu.

Bei huulizwa kwa neno hilo hilo na "la": "tua la t'aorai", moja bei gani. Dazeni ni "loo": "loo la t'aorai". Sema "k'aai song'" kama unataka bei ya jumla; usipoitaja utapewa ya rejareja. "Lot daai mai" ni kuomba upunguziwe. Kwa ndugu yetu wa Arusha: jiwe huhesabiwa kwa "met", uzito kwa "karat", na vito vya rangi ni "p'looi".

Mwanamke amalizie sentensi kwa "k'a", mwanamume kwa "k'rap". K'a ya kauli inashuka, ya swali iko juu. Wanaume wanaofundishwa na walimu wa kike huiokota k'a bila kujua, na soko zima litatabasamu. Muuzaji mwite "p'ii" akikuzidi umri, "noong'" akiwa mdogo. Mtu mzima kuliko wazazi wako ni "lung'" au "paa". "Naa" inachanganya kidogo: ni mdogo wa mama, awe mwanamke au mwanamume, kwa hiyo inabeba mama mdogo na baadhi ya wajomba.

Naongea vizuri, nimeishi Bangkok muda mrefu, lakini gazeti linanishinda. Hatua inayofuata ni ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza ni kukata maneno. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Nafasi huonyesha mwisho wa kifungu. ตากลม ni "taa klom", macho ya mviringo, au "taak lom", kujianika upeponi, kutegemea ulipokata. Chukua aya moja kwa siku, ichapishe, uikate kwa kalamu, kisha umsikilize Mthai akiisoma. Baada ya miezi miwili jicho linaanza kukata lenyewe.

Pili ni msamiati. Lugha ya gazeti imejaa maneno ya Kipali na Kisanskriti ambayo mtaani huyasikii. Kula peke yake kuna "kin" kwa marafiki, "t'aan" kwa heshima, "rap prat'aan" kwenye maandishi rasmi, "ch'an" kwa watawa na "sawooei" kwa familia ya kifalme. Habari za ikulu zina msamiati wake mzima, uitwao "raach'aasap"; ujue kuuelewa, kuutumia si lazima. Viambishi viwili vitakufungulia mengi: "kaan" mbele ya kitenzi hufanya kazi kama ku- yetu, na "k'waam" kama u- ya "upendo": "k'waam rak". Alama ndogo ์ juu ya herufi inamaanisha isitamkwe. Usiipuuze unapoandika, maana ndiyo inayohifadhi asili ya neno.

Kwenye kamusi, neno linaloanza na irabu inayoandikwa kabla ya konsonanti hutafutwa kwa konsonanti yake: เมือง (mji) liko chini ya ม. Kamusi rasmi inayotumika ina tarehe ya 2554, yaani 2011. Vichwa vya habari hupenda vifupisho, กทม. ni Bangkok. Andika daftari la vifupisho kando, kwa kuwa kamusi nyingi za simu hazina.

Ukitaka cheti, Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kina mtihani wa Kithai kwa wageni, CU-TFL, unaopima kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Anayeongea vizuri kwa kawaida huangushwa na kuandika. Kwa miezi mitatu kabla ya mtihani andika ukurasa mmoja kila siku kwa mkono, ufupishe habari uliyoisoma, na mwalimu asahihishe tahajia kwanza, mtindo baadaye.